Protini inakula mifupa au inaijenga? Ugomvi wa amino asidi baada ya hedhi kukoma

Chukua mfupa wa kuku utumbukize kwenye siki siku kadhaa, ukiutoa unapinda kama mpira. Madini yameyeyuka, kilichobaki ni kolajeni, yaani protini. Mwingine uchome moto mpaka uwe mweupe, umbo liko palepale ila ukiugusa tu unamung'unyika, maana hapo ndo protini imeungua yamebaki madini matupu. Mi huwa naanzia hapo nikisikia mtu anasema mfupa ni kalsiamu basi. Karibu nusu ya ujazo wa mfupa ni protini, na protini yoyote ni mnyororo wa vipande vinavyoitwa amino asidi, kwenye uzi wa kolajeni kila kipande cha tatu ni amino asidi iitwayo glaisini.

Hedhi ikikoma estrojeni inashuka, na yenyewe ndo ilikuwa inazibana seli zinazobomoa mfupa, sasa zinabomoa haraka kuliko wajenzi wanavyojenga, na mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya msongamano wa mifupa ndani ya miaka 5 mpaka 7. Hapo kila mtu anakuja na ushauri wake, kula protini, usile protini, nunua kopo la poda ya kolajeni.

Wanaosema protini inakula mifupa hawajaokota maneno kijiweni. Hoja ilitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 1968, watafiti Wachman na Bernstein: methionini na sisteini, amino asidi mbili, zina salfa, zikivunjwavunjwa mwilini zinatoa asidi, mwili unachota kalsiamu kwenye mfupa ili kuituliza. Ushahidi ukawa mkojo, ukila protini nyingi kalsiamu kwenye mkojo inapanda. Na kweli inapanda, hilo halina ubishi.

Ila waliangalia mlango wa kutokea tu! Baadaye mtafiti Jane Kerstetter na wenzake kule Marekani wakaifuatilia kalsiamu kwa kuiwekea alama, wakakuta ile ya ziada kwenye mkojo kwa sehemu kubwa imetoka kwenye chakula, kwa sababu protini ikiongezeka utumbo nao unanyonya kalsiamu zaidi, ikipungua sana unanyonya kidogo. Halafu mwaka 2000 utafiti wa mji wa Framingham, Marekani, ukaonyesha wazee waliokuwa wanakula protini kidogo ndo waliopoteza mfupa mwingi zaidi, na ya wanyama haikuonekana kudhuru. Sawa, huo ni wa kuangalia watu wanavyoishi, anayekula protini kidogo pengine anakula kidogo kila kitu, kwa hiyo peke yake haunitoshi. Ukiuweka pamoja na ule wa kalsiamu yenye alama ndo mizani inaegemea kwenye kula, mradi kalsiamu yenyewe iwepo kwenye chakula, manake utumbo haunyonyi kisichokuwepo. Mwaka 2014 wataalamu wa Ulaya walipendekeza gramu 1.0 mpaka 1.2 kwa kila kilo ya mwili kwa waliokoma hedhi badala ya 0.8 ya watu wazima kwa jumla, yaani mwenye kilo 60 anatoka gramu 48 anaenda 60 mpaka 72.

Sasa makopo. Kuna jaribio la mwaka 2018, wanawake 131, gramu 5 za poda ya kolajeni kila siku kwa mwaka mzima, msongamano wa uti wa mgongo na shingo ya paja ukapanda kuliko kwa waliopewa poda ya bandia. Inavutia, ila waliofadhili ni watengenezaji, na kilichopimwa ni msongamano, sio nani kavunjika. Laisini, amino asidi nyingine, hivyohivyo, inasaidia utumbo kunyonya kalsiamu na kufunga nyuzi za kolajeni, lakini kutoka hapo mpaka kusema kidonge chake kinazuia nyonga kuvunjika ni safari ndefu bana. Lusini, nayo amino asidi, mi naielewa zaidi kwa upande wa misuli, mtu mwenye miguu imara haanguki ovyo, ila bila mazoezi ya kubeba uzito sioni itafanya nini ya maana.

Na kingine, kolajeni haina hata chembe ya triptofani, amino asidi ambayo mwili hauwezi kujitengenezea, kwa hiyo vijiko vya poda huwezi kuvihesabu kama ndo protini yako ya siku. Mayai mawili yana gramu 12 hivi, amino asidi zote muhimu zimo. Mwenye figo mbovu huyo aongee na daktari kabla hajaongeza chochote.

Aliyejikwaa tu akavunjika kifundo cha mkono, kopo simshauri kabisa. Akapime mifupa, majibu ya msongamano (alama ya T, inayomlinganisha na kijana mwenye afya) yakisoma -2.5 kushuka chini kuna dawa ambazo kwenye majaribio yake walihesabu waliovunjika.