Kitufe cha Kukataa Kimefichwa Wapi?

Kila ninapofungua tovuti ili nisome habari ya dakika mbili, nakumbana kwanza na dirisha linalonitaka nikubali vidakuzi, yaani vile vijifaili vilivyobuniwa mwaka 1994 ili tovuti imkumbuke mgeni wake, ambavyo leo hutumika pia kufuatilia nyendo zetu mtandaoni. Kitufe cha kukubali ni kikubwa, tena cha rangi ya kung'aa. Cha kukataa kimezikwa ndani ya mipangilio. Huu si uungwana hata kidogo. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data, inayotumika tangu mwaka 2018, inataka ridhaa itolewe kwa hiari na kuiondoa kuwe rahisi kama kuitoa, lakini mimi ninachoshwa makusudi mpaka nibonyeze nisichokitaka.