Kompyuta za kujitolea: data inagawika, kazi inakwama wapi?

Wazo lenyewe ni rahisi tu, wanasayansi wana data hawaimalizi, we una laptopu imekaa haina kazi, basi wanaikata data vipande wanakutumia kimoja, mashine inapiga hesabu umelala, ikimaliza inarudisha jibu inachukua kingine. SETI@home, mradi wa chuo kikuu cha Berkeley Marekani wa kutafuta ishara za viumbe wa sayari nyingine, ilianza hivyo 1999, kipande kimoja kilikuwa kama sekunde 107 za kusikiliza anga kwa darubini ya redio ya Arecibo, faili halifiki hata MB 1 lakini kompyuta za enzi hizo zilikesha nalo masaa na masaa.

Na ndo mchezo ulivyo, faili dogo kazi ndefu. Kama kipande ni GB kadhaa na hesabu yake dakika tano bando la watu linateketea bure, na kama kompyuta yangu lazima ingoje jibu la yako ambayo umeizima umesafiri, imekula kwetu.

Wanaosema ni upotevu nawaelewa. Seva, ile kompyuta ya mradi inayogawa vipande, haikujui, huenda mashine yako imechemka inakosea, au umechezea programu upate pointi wanazotoa kwa kazi uliyofanya (wapo jamani, na pointi zenyewe hazinunui hata pipi), kwa hiyo kipande kilekile mara nyingi wanapewa watu wawili majibu yalinganishwe. Umeme mara mbili kwa jibu moja, na bili ni ya kwako. Ila mwaka 2010 Einstein@Home, mradi mwingine wa aina hii, walipata pulsa mpya (mabaki ya nyota yanayozunguka kwa kasi yakirusha mawimbi ya redio), na kompyuta moja ya Marekani na nyingine ya Ujerumani ziliiona kwenye kipande kilekile, sasa huo nao ni upotevu?

Mi naona shida kubwa iko upande wa pili, kwa wenye mradi. Machi 2020, corona imepamba moto, watu wakajazana Folding@home, mradi wa kuchunguza protini za magonjwa, mpaka ikavuka eksaflopu moja, yaani hesabu bilioni mara bilioni kwa sekunde, hakuna supakompyuta iliyokuwa imefika hapo, halafu mashine kibao zikakaa zinasubiri kwa sababu seva hazikuwahi kuandaa vipande. Mwisho wa mwezi huohuo SETI@home wakaacha kugawa kazi kabisa, majibu ya miaka ishirini yamejaa na wa kuyachambua walikuwa watu wachache tu.

Kwa hiyo siku hizi kabla sijajiunga na mradi naangalia kwanza kama wanatoa matokeo, sio wana kompyuta ngapi. Yangu bado inapiga kazi, nimeiwekea nusu ya CPU na ikiwa kwenye betri isiguse kitu, maana ile feni usiku ilikuwa kama helikopta.