Betri ya Alumini Ipimwe Pamoja na Maji Yake

Naipenda alumini kwa sababu atomu yake moja huachia elektroni tatu, na sentimita moja ya ujazo ya metali hiyo inaweza kubeba chaji ya takribani miliampia-saa 8,000, karibu mara nne ya lithiamu. Kinachosumbua ni upande chanya wa betri, unaopokea ioni. Ioni ya alumini, yaani atomu iliyopoteza elektroni zake tatu, ni ndogo na chaji yake ni kali, hivyo ikiingia ndani ya fuwele ngumu hunata na kutoka kwa shida. Grafiti, aina ya kaboni, iliyotumiwa upande huo katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 2015 ilidumu kwa mizunguko zaidi ya 7,000 ya kuchajiwa na kutumika, lakini uwezo wake ulikuwa takribani miliampia-saa 70 tu kwa gramu.

Ndiyo maana naona kwinoni, molekuli za kikaboni zenye oksijeni, ni njia bora kwa upande huo. Oksijeni zake hupokea elektroni na kuishika ioni chanya, na kwa kuwa molekuli zenyewe zimeshikana kwa nguvu hafifu, hupishana bila kuvunjika. Mwaka 2019 kundi la mkemia Fraser Stoddart, Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, lilionyesha molekuli ya pembetatu iliyoundwa kwa kwinoni tatu, ikastahimili mizunguko 5,000. Malighafi ni kaboni, hidrojeni na oksijeni. Anayejua kobalti ya betri za lithiamu inavyochimbwa kwa mikono kule Kolwezi, Kongo, ataelewa kwa nini jambo hilo lina uzito kwangu.

Hata hivyo, sikubaliani na desturi ya kutangaza uwezo kwa gramu ya kwinoni peke yake. Kinachoingia ndani ya kwinoni kwa kawaida si alumini tupu yenye chaji tatu, bali ni alumini iliyofungamana na kloridi mbili, ikibeba chaji moja tu. Kloridi hizo hutoka kwenye elektroliti, yaani maji ya betri yanayopitisha ioni: kwa kila atomu ya alumini inayoyeyuka wakati betri inatumika, ioni mbili za Al₂Cl₇⁻ (alumini mbili na klorini saba) zilizomo humo huliwa. Kwa hiyo elektroliti hapa si njia ya kupitisha chaji tu, ni sehemu ya mafuta yenyewe. Lazima iwe nyingi, nayo ni nzito, hula vyuma, na ikikutana na unyevu hutoa asidi ya haidrokloriki.

Mtafiti anayetuletea molekuli mpya ya kwinoni atuandikie uzito wa elektroliti aliyoimimina katika seli, kwenye jedwali lilelile lenye uzito wa molekuli yake.