Kidani cha mama mkubwa na jani la gimbi

Mwaka jana mama mkubwa wangu wa Ujiji alinunua kidani cheusi kwa mchuuzi aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba. Nilipomuuliza ni cha nini, alinijibu kwa uhakika: "Mwanangu, hiki ni cha nano. Kinashusha presha." Alikuwa na wiki tatu hajameza vidonge vyake.

Yeye simlaumu. Hasira yangu ni kwa mchuuzi, na baada yake kwa sisi tuliosoma sayansi kidogo tukaiacha ndani ya vitabu vya Kiingereza kama mali ya watu wengine. Neno ambalo hakuna aliyelifafanua, mwongo hulitumia apendavyo.

Nano ni kipimo tu. Gawa mita moja vipande bilioni moja. Kipande kimoja ndiyo nanomita. Unywele una unene wa nanomita kama 80,000. Kucha zako hurefuka takriban nanomita moja kila sekunde, hata sasa unaposoma. Na kwenye udogo huo vitu hubadilika tabia: dhahabu ikiwa chembe za nanomita 20 hivi ndani ya maji, rangi yake huwa nyekundu.

Lakini mimi nisingeanza na dhahabu. Ningeanza na gimbi, lile linaloota nyuma ya jiko pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa. Mwagia jani lake maji uone: haliloi. Maji yanajikusanya kama shanga, yanateleza na kuondoka na vumbi. Watoto wote tumecheza mchezo huo. Kinachofanya hivyo ni vinundu visivyoonekana kwa macho, na juu ya vinundu hivyo kuna nta iliyojipanga kwa vipande vya kiwango cha nano. Tone linakaa juu ya ncha, chini yake kuna hewa, halipati pa kushika. Wanaotengeneza rangi za ukuta zisizoshika uchafu wamejifunza kwa majani yenye tabia hii.

Halafu ningeshuka Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, usiku wa giza, mitumbwi ikiwa ziwani. Zamani dagaa walivutwa kwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi utaona taa za LED zenye betri. Taa nyeupe ya namna hiyo kwa kawaida huanza na mwanga wa buluu, na buluu ndiyo iliyowatesa watafiti kwa miongo. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura waliipata kwa kutumia galiamu naitraidi, mchanganyiko wa metali ya galiamu na naitrojeni, wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Ndani ya taa hizo mwanga huzaliwa kwenye tabaka zenye unene wa nanomita chache. Mvuvi anayeifunga taa yake kwenye mtumbwi ameshika nano ya kweli.

Nasi tunao wetu. Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha, alibuni chujio la maji linalotumia mchanga pamoja na chembe za nano, na mwaka 2015 akashinda Tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Ninachokipenda kwenye kazi hiyo ni kwamba inapimika: unachukua maji kabla hayajachujwa, unachukua yaliyochujwa, unayapeleka maabara. Yule mchuuzi wa kidani hakuacha mlango wowote wa kumpima.

Jumapili moja nilimchumia mama mkubwa jani la gimbi. Nikalimwagia maji, yakateleza. Nikamwomba asugue sehemu moja kwa kidole, kwa nguvu, kisha amwage tena. Pale aliposugua nta ilikuwa imetoka, maji yakanata. Akalitazama lile jani kwa muda, akaniuliza: "Na hiki cha shingoni, tukijaribie wapi?"

Nikamwambia ipo mashine ya presha zahanati. Tulikwenda kesho yake asubuhi, kidani akiwa nacho shingoni. Presha ilikuwa juu sana. Alikivua palepale kwenye benchi, akamuuliza muuguzi aanze tena na kidonge kipi.