Kereng'ende hanyatiwi

Nilianza kupiga picha za kereng'ende kwa kunyata. Nikinyata ananiona, akiniona karuka. Ilinichukua muda kukubali kwamba mdudu ambaye macho yamemfunika karibu kichwa kizima, na kila jicho limejaa vijicho kwa maelfu, hanyatiwi.

Siku hizi nasimama mita mbili, hata tatu, na kumvuta kwa zumu. Wenye lenzi za makro, zile za kupigia vitu vidogo kwa karibu, hunicheka, na kweli picha zao zinaonyesha hadi vinyweleo vya miguuni. Lakini nyingi zimepigwa alfajiri, mdudu kalowa umande na hajapata joto la kumwezesha kuruka. Hilo sina ugomvi nalo. Wapo wanaomtia kwenye friji kwanza ili atulie! Hiyo kwangu si picha ya porini, ni picha ya mgonjwa.

Ukikaa mbali, anaendelea na shughuli zake. Anatua kijitini, anageuza kichwa huku na huku, anachomoka kudaka mbu, kisha anarudi kwenye kijiti kilekile. Si wote, wengine huzunguka angani mchana kutwa, na hao nimewaachia wenye subira kunishinda. Kwa huyu anayerudi, lenga kijiti kingali kitupu na ufunge fokasi hapo. Ukiiachia kamera itafute yenyewe, itampita mdudu mwembamba ikashike majani ya nyuma. Hilo limeniharibia picha nyingi kuliko mkono kutetemeka. Kisha mpige ubavuni, la sivyo kichwa kitaonekana vizuri na mkia utamezwa na ukungu. (Ule kwa kweli ni tumbo lake, lakini nani anauita tumbo?) Na zumu ikivutwa hadi mwisho, kamera nyingi hukataa kitu kilicho karibu. Rudi nyuma hatua moja, usigombane nayo.

Jua la utosi likifika, wapiga picha hukunja vifaa. Mimi hubaki, maana ndipo baadhi ya kereng'ende huinua mkia wima kuelekea jua, ili mwili upigwe na miale michache. Mwanga wa saa hiyo ni mbaya, sibishi: vivuli vyeusi, mabawa yameungua kwa weupe. Picha ninayoipenda kuliko zote ina kasoro hizo zote. Mkia uko juu kama mlingoti, na kivuli chake kimebaki kama nukta.