Kupanga kwanza au kusafisha kwanza? Ruzuku za ardhi iliyochafuliwa katika miji ya Marekani

Kila mji wa viwanda nchini Marekani una kiwanja cha namna hii: karakana iliyofungwa, kituo cha mafuta kilichotelekezwa, dobi wa kusafisha nguo kwa kemikali ambaye kwa miaka mingi alizimwaga nyuma ya duka lake. Uzio umeshika kutu na mnunuzi hatokei. Shirika la Hifadhi ya Mazingira la nchi hiyo, EPA, linakadiria kuwa viwanja vya aina hiyo vinazidi 450,000. Fedha za umma za kuvisafisha zipo, na sheria ya miundombinu ya mwaka 2021 iliziongezea dola bilioni 1.5. Lakini zipo pia fedha nyingine, ndogo kuliko hizo, zinazotolewa kabla ya udongo kuguswa: ruzuku za kupanga mapema. Kazi yake ni kuiwezesha halmashauri au chama cha wakazi kujua kuna nini ardhini, nani anamiliki, na eneo linaweza kugeuzwa kuwa nini.

Wapo wanaoona fedha hizi ndizo msingi wa kila kitu kinachofuata. Wapo wanaosema ni mshahara wa washauri waelekezi, na kwamba mwisho wake ni ripoti yenye picha nzuri na kiwanja kilekile chenye uzio wenye kutu. Mimi niko upande wa wale wa kwanza, kwa sharti moja zito: ruzuku ya kupanga isitolewe mahali ambapo hakuna anayetafuta njia ya kuipata ardhi yenyewe.

Ili kuelewa kwa nini mipango ililipiwa kivyake, turudi Love Canal, mtaa wa Niagara Falls katika jimbo la New York. Kuanzia mwaka 1942 hadi 1953 kampuni ya Hooker Chemical ilifukia pale takataka za kemikali zaidi ya tani 20,000, kisha ikaiuzia bodi ya shule ardhi hiyo kwa dola moja. Shule ikajengwa, nyumba zikafuata. Mwaka 1978 Rais Carter alitangaza hali ya dharura na familia zikaanza kuhamishwa. Miaka miwili baadaye Bunge lilipitisha sheria ya Superfund, ya kusafisha maeneo yenye taka za sumu, inayoweza kumbana hata mmiliki wa sasa ambaye hakumwaga tone la sumu alipie usafishaji.

Sheria hiyo ilikuwa ya haki, na siungi mkono wanaoijutia. Ila ilizaa woga. Mwekezaji akisikia tu kwamba kiwanja kiliwahi kuwa na kiwanda cha ngozi, anageuza gari na kwenda kujenga shambani nje ya mji. Hivyo hata viwanja vyenye uchafu mdogo vilikwama pamoja na vile vya hatari. Sheria ya mwaka 2002 ikalegeza kamba kwa kumkinga mnunuzi anayechunguza historia ya kiwanja kabla ya kununua, akitimiza masharti yaliyowekwa. Tangu hapo uchunguzi wa awali umekuwa na thamani ya fedha taslimu.

Na uchunguzi huo huanzia kwenye karatasi. Mtaalamu hufungua ramani za bima ya moto za kampuni ya Sanborn, ambazo tangu karne ya 19 zilichora miji ya Marekani jengo kwa jengo: la matofali limepakwa pinki, la mbao limepakwa manjano, tangi la petroli limewekewa duara dogo. Husoma orodha za zamani za biashara za kila mtaa, hutazama picha za angani, humtafuta mzee aliyefanya kazi pale akiwa kijana. Ndipo sampuli za udongo na za maji ya ardhini huchukuliwa, tena mahali penye sababu ya kuchukuliwa. Benki inaweza kukopesha mradi ambao usafishaji wake utagharimu dola laki tano. Haiwezi kukopesha mradi ambao gharama yake haina anayeijua. Hapa ndipo watetezi wa ruzuku za mapema wana hoja isiyojibika kirahisi: hakuna kampuni itakayolipia uchunguzi wa kiwanja katika mtaa maskini kisichoonyesha dalili ya faida. Umma usipolipa, halipi mtu.

Hoja yao ya pili naipenda zaidi. Uchafu haufuati mipaka ya viwanja. Mvuke wa kemikali ya dobi huweza kupenya hadi chini ya sakafu ya nyumba ya jirani. Kusafisha kiwanja kimoja kimoja, kila kimoja kwa mwekezaji wake, huacha mtaa mzima bila mtu wa kuuliza maji ya mvua yataelekea wapi, lori zitapita njia gani, watoto watacheza wapi. Ndiyo maana mwaka 2010 EPA ilianza majaribio ya kupanga eneo zima kwa jumuiya 23, na mwaka 2013 ikazipa jumuiya 20 dola 200,000 kila moja. Fedha hizo hazikuruhusiwa kutumika kuchukua sampuli wala kusafisha. Zilikuwa za kupanga tu.

Wakosoaji hushika hapohapo. Dola 200,000 zinatosha kuajiri kampuni ya upangaji, kufanya mikutano kadhaa ya hadhara na kuandika kitabu. Hazitoshi kununua hata kipande cha ardhi. Uchunguzi nao huchacha: kwa kanuni za Marekani, mambo ya msingi ya uchunguzi wa awali, kama mahojiano na ukaguzi wa eneo, yanatakiwa yawe yamefanywa ndani ya siku 180 kabla ya ardhi kununuliwa, la sivyo yahuishwe. Mpango ukikaa kabatini miaka mitatu, mnunuzi akitokea kazi hiyo inalipiwa upya.

Jimbo la New York linawapa wakosoaji ushahidi mzuri. Sheria yake ya mwaka 2003 ilianzisha programu ya kupanga maeneo yenye ardhi iliyochafuliwa, jimbo likibeba hadi asilimia 90 ya gharama. Safari ilikatwa vipande vitatu: utafiti wa awali, uteuzi wa eneo, kisha mkakati wa utekelezaji. Mwaka 2015, Gavana Andrew Cuomo alipotangaza maeneo 12 yaliyoidhinishwa rasmi, sheria ilikuwa imefikisha miaka 12. Mtoto aliyekuwa chekechea mkutano wa kwanza ulipofanyika alikuwa karibu kumaliza sekondari. Sheria hiyohiyo ilitoa pia nafuu za kodi kwa waendelezaji, na huko ndiko fedha nyingi zilikokwenda, hasa kwenye ardhi ya bei kubwa ambayo soko lilikwisha kuitamani.

Nikiuona mpangilio huo nakasirika. Wakazi wanaalikwa jioni baada ya kazi, wanabandika vikaratasi vya rangi kwenye ramani, wanaambiwa sauti zao zimesikika. Mwenye kiwanja hakuwepo ukumbini na hana wajibu wowote kwa vikaratasi vile. Tena mpango ukishachapishwa unamtangazia kwamba serikali ina nia na eneo lake, naye anapandisha bei. Katika hali hiyo mpango umewagharimu wakazi.

Lakini Milwaukee inanizuia kuzikataa ruzuku hizi. Bonde la Menomonee, katikati ya mji huo wa Wisconsin, lilijaa viwanda vya ngozi, viwanja vya mifugo na karakana kubwa ya reli ya Milwaukee Road. Karakana ilifungwa mwaka 1985. Mji ulitoa mpango wa matumizi ya ardhi mwaka 1998, na mwaka uliofuata likaundwa shirika la ubia, Menomonee Valley Partners, lenye kazi moja tu ya kuufuatilia. Mwaka 2002 likafanyika shindano la usanifu, na miongoni mwa walioliandaa kilikuwa kituo cha afya cha jamii cha mitaa ya kusini mwa bonde, Sixteenth Street Community Health Center. Mwaka 2003 mji ukatumia mamlaka yake ya kisheria kuitwaa ardhi ya karakana, ekari zipatazo 140. Kufikia mwaka 2006 kiwanda cha piza cha Palermo kilikuwa kimehamia pale.

Muhimu kwangu ni kile ambacho mpango ulifanya na mwekezaji mmoja mmoja asingekifanya. Maji ya mvua ya viwanda vyote yalielekezwa kwenye bustani moja ya pamoja, hivyo hakuna kiwanda kilicholazimika kutenga kipande chake kwa bwawa. Na kwa kuwa mji ndio uliokuwa na hatimiliki, wanunuzi waliwekewa masharti ya ajira na mishahara. Mpango uliipa ardhi mwelekeo, hatimiliki ikaupa mpango meno.

Msomaji wa Mombasa analijua tatizo hili kwa sura nyingine. Wakazi wa Owino Uhuru, makazi yasiyo rasmi mjini humo, walidhurika kwa madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na baada ya mapambano marefu yaliyoongozwa na Phyllis Omido, Mahakama ya Juu ya Kenya mwezi Desemba 2024 ilirejesha fidia ya shilingi bilioni 1.3. Fidia ni haki yao kamili. Bado swali la nani atakaa juu ya udongo ule ukishasafishwa halijibiwi na hundi, na katika makazi yasiyo rasmi ni swali la kutisha.

Hata Marekani linatisha. Utafiti wa mwaka 2017 ambao EPA yenyewe huunukuu ulikuta kwamba nyumba zilizo karibu na viwanja vilivyosafishwa zilipanda bei kwa kati ya asilimia 5 na 15.2. Kwa mwenye nyumba hiyo ni habari njema. Kwa mpangaji aliyevumilia vumbi la kiwanda miaka yote, ni dalili kwamba kodi ya pango inapanda. Watetezi wa mipango ya mapema husema huo ndio wakati wa kutenga nyumba za bei nafuu, kabla bei haijapanda, na wana haki. Ila kutenga kwenye karatasi hakutoshi, ni lazima ardhi iwe imeshikwa.

Kwa hiyo ningebadili masharti ya ruzuku. Mwombaji aonyeshe ni kiwanja gani mji au shirika la jamii linaweza kukinunua au kukitwaa, na lini. Sehemu ya fedha iwekwe akiba ya kuhuisha uchunguzi mnunuzi akipatikana. Na wakazi wawe na mtaalamu wao. Kwenye maeneo ya Superfund, kikundi cha wakazi kinaweza kuomba ruzuku, kwa kuanzia hadi dola 50,000, kuajiri mshauri huru wa kuwafafanulia vipimo na ripoti. Anayeishi ng'ambo ya barabara na kiwanja cha dobi anastahili mtu kama huyo pembeni yake mkutano wa kwanza tu ukifunguliwa, kabla mshauri wa halmashauri hajakunjua ramani.