Saa 24 za polisi na mwanya wa Ijumaa

Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinawataka polisi wamfikishe mshukiwa mahakamani mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote vile kabla ya saa 24 kupita tangu akamatwe. Katiba ya zamani iliwapa siku 14 kwa makosa yanayoadhibiwa kwa kifo, na wapo wapelelezi ambao hadi leo hulalamika kwamba muda wa sasa hautoshi: shahidi hajapatikana, vielelezo havijarudi kutoka maabara, na katika kaunti pana kama Turkana mahakama yenyewe iko mwendo wa saa kadhaa kutoka kituoni.

Malalamiko hayo yana uzito, lakini si mwingi. Yanachukulia kwamba mtu hukamatwa ili achunguzwe, ilhali sheria inataka sababu za kumshuku ziwepo kabla hajatiwa pingu. Tena mpelelezi anayehitaji siku zaidi hajafungiwa mlango. Huenda kwa hakimu na hati ya kiapo, akaeleza ana sababu gani nzito za kutaka mshukiwa anyimwe dhamana, na mara nyingi (mara nyingi mno, kwa maoni yangu) hukubaliwa.

Udhaifu mkubwa zaidi umo katika kifungu hichohicho, kinachosema kwamba saa 24 zikiishia siku ambayo mahakama haiketi, muda husogezwa hadi mwisho wa siku ya kikao inayofuata. Basi anayetiwa mbaroni Ijumaa jioni anaweza kulala korokoroni hadi Jumatatu, au Jumanne ikiwa Jumatatu ni sikukuu, pasipo sheria kuvunjwa. Wakenya wameupa mtindo huo jina: kamatakamata ya Ijumaa. Polisi watajibu kwamba uhalifu haungoji siku ya kazi, na ni kweli; ila mtu aliyechunguzwa miezi sita kwa tuhuma za ufisadi angeweza kukamatwa Jumanne.

Hata hivyo, kuhesabu saa pekee hakumlindi mshukiwa. Mwalimu na mwanablogu aliyekamatwa nyumbani kwao Homa Bay Jumamosi, Juni 7, 2025, alisafirishwa hadi kituo cha Central, Nairobi, na kufikia Jumapili alikuwa amekufa. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Upasuaji wa maiti ukawakanusha. Saa 24 zilikuwa hazijaisha. Usiku kama ule huhitaji maandishi kamili katika kitabu cha matukio, ile OB, yakionyesha nani alimpokea mshukiwa, saa ngapi na akiwa katika hali gani, pamoja na kamera ambazo afisa wa zamu hawezi kuzigusa.